Je, Wajua? Konokono wa Paisley na Fidia Yako

Je, wajua kwamba mlango wa kumdai mtengenezaji wa soda iliyokudhuru ulifunguliwa na konokono? Jioni ya tarehe 26 Agosti 1928, mjini Paisley, Uskoti, May Donoghue aliketi mkahawani na rafiki yake. Rafiki ndiye aliyelipa: aiskrimu na soda ya tangawizi, katika chupa nyeusi isiyoonyesha kilichomo. Bi May akanywa. Iliyobaki ilipomiminwa, alieleza, akatoka konokono aliyeoza. Akaugua tumbo.

Sasa amdai nani? Mkataba ulikuwa wa mwenye mkahawa na rafiki. Yeye hakununua kitu. Akamgeukia mtengenezaji, David Stevenson, akitaka pauni 500. Ili rufaa yake isikilizwe London kwenye Bunge la Mabwana, lililokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa, bila kudaiwa dhamana ya gharama, aliapa kuwa mali yake yote haifiki pauni 5. Tarehe 26 Mei 1932 akashinda, majaji watatu kwa wawili. Nalistahi sana jambo hili: fukara aliyeapa umaskini wake ndiye aliyewafungulia njia walaji wa nchi nyingi.

Je, wajua kwamba katika hukumu ile neno “jirani” lilipata maana ya kisheria? Jaji Atkin alieleza kuwa jirani yako ni yeyote ambaye, ukifikiri sawasawa, ungetambua kuwa kitendo chako kinaweza kumgusa. Si lazima mpakane ukuta.

Na konokono mwenyewe hakuthibitishwa kamwe! Mabwana waliamua swali la sheria tu. Stevenson akafariki kabla ya ushahidi kusikilizwa, na shauri likaisha kwa maelewano.

Je, wajua kwamba mahakama za Tanzania Bara zilirithi sheria ya Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na za Kenya kama ilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897? Hukumu ya konokono ilikuja baada ya tarehe zote mbili. Haiwafungi majaji wetu, bali wameifuata kwa kuiona ina haki. Lubumbashi hawaihitaji: kifungu cha 258 cha sheria ya Kongo ya mwaka 1888 kinamtaka aliyemtia mwenzake hasara kwa kosa lake aifidie.

Je, wajua kwamba dereva wa daladala akikugonga kwa uzembe akiwa kazini, unaweza kumdai na tajiri wa gari, hata kama tajiri alikuwa amelala nyumbani?

Abiria wa bodaboda asiyevaa helmeti, akiumia kichwa, anaweza kukatwa sehemu ya fidia kwa uzembe wake mwenyewe.

Je, wajua kwamba dereva kufungwa hakukulipi wewe? Hapa ndipo watu wetu wengi wanapoumia mara ya pili. Kesi ya jinai ni ya Jamhuri dhidi ya dereva, nayo huthibitishwa pasipo shaka ya msingi. Kesi ya madai ni yako, na inatosha kuonyesha kuwa maelezo yako yana uzito kuliko ya mdaiwa. Ukikaa kungoja ya kwanza iishe, ya pili inakupita: Tanzania na Kenya, madai ya namna hii yana ukomo wa miaka 3. Kashfa nchini Kenya ni miezi 12 tu.

Je, wajua kwamba maumivu hukadiriwa na hakimu, lakini pesa uliyotoa mfukoni huthibitishwa moja moja? Tunza fomu ya polisi, PF3 (Kenya ni P3), kadi ya hospitali, na risiti ya kila dawa. Gharama ambayo wakili hakuitaja kwenye hati ya madai hailipwi, hata hakimu akiamini kuwa kweli uliitoa.