Gari Limelala Wapi?

Ukipita Ruaha Mbuyuni saa nne usiku, utayakuta malori yamejipanga kando ya barabara, tela nyuma ya tela. Mengi ya yanayokwenda Iringa yanasubiri kupambazuke ndipo yapande mlima Kitonga. Abiria wa basi ataona foleni ya magari tu. Dereva mzoefu ataona zaidi: nani kaegesha vizuri, nani atanyonywa dizeli, na nani anaweza kugongwa nyuma kabla hakujakucha.

Dar es Salaam hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900. Kuna mizani njiani, kuna milima, na kuna Hifadhi ya Mikumi ambako barabara inapita kilomita 50 hivi na hakuna ruhusa ya kusimama ukalala. Gari lenye mzigo halimalizi safari hiyo kwa siku moja, labda dereva awe ameamua kujiua. Kwa hiyo litalala tu. Mahali pa kulala, hata hivyo, dereva hapachagui kwa kufikiria usingizi wake. Anaangalia kwanza dizeli na mzigo, kwa sababu vikipungua anakatwa yeye. Ndiyo maana makontena mawili hurudishwa nyuma mpaka milango inakaribia kugusana, wezi wasipate pa kuifungulia, na utingo akatandika mkeka wake ubavuni mwa tangi.

Mwili nao una saa yake. Kati ya saa nane usiku na saa kumi na moja alfajiri usingizi huwa mzito kuliko wakati wowote, na hurudi tena mchana, saa nane hadi saa kumi hivi. Dereva aliyechoka hupitiwa kwa sekunde tatu au nne bila yeye mwenyewe kujua. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, sekunde nne ni karibu mita 90 ambazo gari limekwenda lenyewe. Mwaka 1997 watafiti wa Australia walionyesha kuwa mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hupungukiwa na wepesi sawa na mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu. Mirungi na muziki wa sauti ya juu humfanya ajione yuko sawa, lakini deni la usingizi liko palepale. Kahawa inasaidia kidogo, ila huchukua kama nusu saa kufanya kazi. Anayejua kuitumia huinywa, akalala dakika 20, akaamka, akanawa uso na kulizunguka gari akikagua tairi. Kukurupuka usingizini na kushika usukani papo hapo ni hatari, maana akili huchukua muda kuamka.

Ulaya sheria inamtaka dereva wa lori apumzike dakika 45 kila anapoendesha saa nne na nusu. Huko kuna maegesho, ingawa nako hujaa. Kwetu dereva mwenye usingizi akikosa yadi husogea pembeni ya lami, na hapo ndipo balaa huanzia. Tela likibaki nusu barabarani, viakisi mwanga vikiwa vimejaa vumbi la siku mbili, anayekuja nyuma analiona wakati breki haziwezi tena kumsaidia. Matawi ya miti ya kutahadharisha hayatoshi: hayaakisi mwanga, na gari likiondoka huachwa hapohapo yakamchanganya mwingine. Pembetatu iwekwe mbali, hatua 50 au zaidi nyuma ya tela, na ikiwezekana gari liwe limetoka kabisa kwenye lami.

Kuna jambo la breki ambalo hata madereva wa siku nyingi hulipuuza. Kichwa cha lori na matela mengi ya kisasa yana springi zinazobana tairi upepo ukiisha. Matela ya zamani yasiyo na springi hizo hushikiliwa na upepo uliobaki kwenye mtungi wake. Unalaza gari saa tatu usiku limetulia tuli. Upepo unavuja polepole. Saa tisa breki za tela zinaachia. Kama mahali pameinama, mzigo wote sasa umeshikwa na kichwa peke yake. Ukikumbuka kwamba utingo mara nyingi amelala chini ya tela kukimbia joto la kabini, utaelewa kwa nini kabari ya mbao ni muhimu kuliko godoro. Na kabla ya kuwasha injini asubuhi, dereva ainame achungulie chini, asitegemee kupiga honi.

Ukifika Makambako taabu ni baridi. Wapo wanaoingiza jiko la mkaa kabini na kupandisha vioo. Moshi hauonekani, harufu haipo, lakini hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa humaliza watu wakiwa usingizini. Blanketi la pili ni bei ndogo.

Yadi zenye walinzi, taa na choo zipo katika miji kadhaa ya njia hii, na hutoza ada. Wamiliki, iwekeni ada hiyo kwenye hesabu ya safari pamoja na dizeli, msiichomeke ndani ya posho ya dereva. Na kifaa cha kufuatilia gari kikionyesha saa tisa usiku kwamba limesimama, msimpigie simu kumuuliza kwa nini.