Namna ya Kumtazama Simba Porini

Chekalini, katika Kakamega, ni nchi ya mahindi na miwa, si nchi ya simba. Mkazi wa huko atakaye kumwona simba porini hana budi kusafiri. Mbuga mojawapo aiwezayo kuifikia kwa njia ya Eldoret ni ile ya Ziwa Nakuru. Maasai Mara, iliyotengwa mwaka 1961, i mbali zaidi, lakini simba wake ni wengi.

Simba hulala na kupumzika saa 20 hivi kila siku. Kwa hiyo mgeni afikaye adhuhuri huweza kumpita kichakani asimwone. Wakati ufaao ni alfajiri na jioni, hewa ikiwa baridi, maana ndipo simba aamkapo kuwinda.

Jambo kubwa ni hili: mtu asishuke katika motokaa. Simba aliyezoea motokaa huiona pamoja na watu waliomo kuwa kitu kimoja kikubwa, kisicho windo wala adui. Mtu akishuka, umbo lile huvunjika, na simba humtambua binadamu. Hapo huenda akakimbia, au akamrukia. Kutoa mwili dirishani nako kuna hatari hiyo hiyo.

Hesabu ya wanyama ya mwaka 2021 ilionyesha simba 2,589 tu katika Kenya nzima. Basi atazamaye na akae kimya, asiwasumbue, wala asimhimize dereva kuwasogelea mno, ili yeye arudi Chekalini salama, na simba nao wabaki kwa watakaokuja baadaye.