Utakatifu wa Mungu: Unaua au Unaponya?

Leo twataka kutafakari pamoja nanyi jambo ambalo huliimba mara nyingi kanisani, lakini ni mara chache twaketi chini na kulifikiri. Jambo hilo ni utakatifu wa Mungu.

Katika makanisa yetu wako watu wa namna mbili. Namna ya kwanza ni wale ambao Meza ya Bwana ikitandikwa, huinuka polepole na kutoka nje. Mwaka jana walitoka, na mwaka huu wametoka tena. Ukiwauliza kwa upole, watakujibu, "Mimi sistahili. Mungu ni mtakatifu, nami najijua nilivyo." Namna ya pili ni wale wasio na hofu yoyote. Huketi viti vya mbele, hutoa sadaka, huikaribia Meza bila wasiwasi. Halafu siku ya Jumatatu hurudi sokoni kuwapimia watu mahindi kwa gorogoro iliyobondwa kitako ili kipimo kipungue.

Mtu wa kwanza auogopa utakatifu wa Mungu hata anaukimbia. Wa pili ameuzoea hata hauoni tena. Je, ni yupi kati yao aliye katika njia ya uzima? Tusiharakishe kujibu. Na tuifungue Biblia kwanza.

Neno hili lina maana gani?

Katika Kiswahili twasema kitu kimetakata, yaani ni safi kabisa, hakina waa wala doa. Huko ndiko lilikotoka neno letu "takatifu". Katika Kiebrania, lugha ya Agano la Kale, neno lenyewe lina maana ya kutengwa, kuwekwa mbali na vitu vya kawaida. Basi tukisema kwamba Mungu ni mtakatifu, twasema mambo mawili. Hakuna aliye kama yeye katika vyote alivyoviumba. Tena ndani yake hamna uovu hata chembe. Hasemi uongo, hapendelei mtu kwa sura yake wala kwa cheo chake, na rushwa haimfikii.

Lakini liko jambo la tatu ambalo wengi wetu hatulioni. Tukisoma Mambo ya Walawi na Hesabu, twakuta sheria nyingi za vitu vinavyomtia mtu unajisi. Tukizitazama vizuri, twaona kwamba nyingi zahusu mauti. Aliyegusa maiti alikuwa najisi siku saba, kama isemavyo Hesabu 19. Kuhani mkuu hakuruhusiwa kuikaribia maiti hata ya baba yake au ya mama yake. Na Miriamu alipopatwa na ukoma, Haruni alimlilia Musa kwamba asiwe kama aliyekufa. Si kwamba kuomboleza ni dhambi, la. Bwana Yesu mwenyewe alilia penye kaburi la Lazaro. Lakini Mungu alikuwa akiwafundisha watu wake kwamba yeye ni Mungu wa uzima, na kwamba mauti haina nafasi mbele zake.

Hapo ndipo twaanza kuelewa. Utakatifu na uzima viko upande mmoja, na dhambi na mauti viko upande mwingine. Mtu atendaye dhambi ni kama tawi lililokatwa mtini. Leo majani yake ni ya kijani bado, na kesho labda vivyo hivyo, na mpita njia hatajua kwamba limekatwa. Lakini uzima umekwisha kulitoka, na baada ya siku chache kila mtu ataona.

Mhubiri aliyejua gharama

Sasa twende pamoja mpaka nchi tambarare za Moabu, mashariki ya mto Yordani, kuelekea Yeriko. Musa ana miaka 120. Taifa lote limekusanyika mbele yake, nao wako karibu kuvuka mto. Katika Kumbukumbu la Torati 30 Musa awaonyesha njia mbili: upande huu uzima na mema, upande ule mauti na mabaya. Aziita mbingu na nchi kuwa mashahidi, kisha awasihi wauchague uzima, wao na watoto wao.

Angalieni jambo moja. Mungu hakuwaonyesha njia mbili akanyamaza, kama mtu asiyejali wataelekea wapi. Aliwasihi. Yeye aliye mtakatifu ndiye aliyetaka waishi kuliko wao wenyewe walivyotaka. Tena aliwaambia kwamba neno lake haliko mbali. Haliko juu mbinguni wala ng'ambo ya bahari hata mtu atafute wa kumletea. Li karibu sana, kinywani na moyoni.

Na je, mhubiri huyo alikuwa nani? Musa mwenyewe hakuruhusiwa kuvuka Yordani. Kule Meriba, watu walipolilia maji, aliupiga mwamba kwa hasira mahali alipoagizwa kusema nao, na Mungu akamwambia kwamba hakumheshimu kuwa mtakatifu mbele ya Waisraeli. Basi mzee huyu aliyewasihi watu wauchague uzima alijua vema kwamba utakatifu wa Mungu si mchezo. Aliiona nchi kwa macho yake toka mlima Nebo, akafa papo hapo Moabu. Maneno ya mtu wa namna hiyo yatupasa kuyasikiliza.

Madhabahu juu ya mlima wa laana

Musa aliagiza kwamba watakapoingia katika nchi, makabila sita yasimame katika mlima Gerizimu kwa ajili ya baraka, na sita katika mlima Ebali kwa ajili ya laana. Milima hii yatazamana, na bonde lenye mji wa Shekemu li katikati. Gerizimu una urefu wa mita 880 hivi, na Ebali wapata mita 940. Watu wakasimama huku na huku, na torati ikasomwa.

Lakini Musa aliagiza madhabahu ijengwe wapi? Sisi tungalidhani kwamba ingejengwa Gerizimu, penye baraka. Sivyo. Tukisoma Kumbukumbu la Torati 27 na Yoshua 8, twaona kwamba madhabahu ilijengwa Ebali, katika mlima wa laana. Hapo ndipo ilipohitajiwa. Mungu alijua kwamba watu wake wataanguka, naye akaweka mahali pa toba na upatanisho palepale penye hukumu. Ndugu mpendwa utokaye nje wakati wa Meza ya Bwana, lishike neno hilo moyoni. Tutalirudia.

Mfalme na nabii katika nyumba moja

Miaka mingi baadaye alitawala mfalme aitwaye Uzia katika Yuda. Habari zake zimo katika 2 Mambo ya Nyakati 26. Alianza kutawala akiwa na miaka 16, akakaa katika kiti cha enzi miaka 52. Alijenga minara, akachimba visima, akawa na jeshi kubwa, naye alipenda sana kilimo. Mungu alimsaidia kwa namna ya ajabu mpaka akawa na nguvu. Ndipo moyo wake ulipoinuka. Siku moja aliingia hekaluni ili afukize uvumba, kazi iliyokuwa ya makuhani peke yao. Kuhani Azaria na makuhani wengine 80, watu mashujaa, wakasimama mbele yake kumzuia. Mfalme akakasirika, chetezo kikiwa mkononi. Alipokuwa katika hasira hiyo, ukoma ukamtokea katika paji la uso. Makuhani wakamwondoa upesi, naye mwenyewe akafanya haraka kutoka. Tangu siku ile aliishi katika nyumba ya peke yake hata kufa kwake. Majuto ni mjukuu.

Sasa fungueni Isaya 6. Nabii atuambia kwamba ilikuwa katika mwaka ule mfalme Uzia alipokufa, yaani karibu miaka 740 kabla ya Kristo. Isaya amwona Bwana katika kiti cha enzi kilicho juu sana. Maserafi wafunika nyuso zao na kuutangaza utakatifu wa Mungu mara tatu. Misingi ya milango yatikisika, na nyumba yajaa moshi. Isaya hakujitetea wala hakukimbia. Alilia kwamba amepotea, kwa maana midomo yake ni michafu, naye akaa kati ya watu wenye midomo michafu.

Katika torati, mwenye ukoma aliagizwa kuufunika mdomo wake na kupaza sauti kwamba yu najisi. Uzia aliingia akijiona safi, akatoka akiwa mtu wa kupaza sauti hiyo. Isaya alipaza sauti ya namna hiyo mwenyewe, kabla mtu hajamshtaki. Ndipo mmoja wa maserafi akaruka kwake na kaa la moto alilolitwaa kwa koleo. Alilitwaa wapi? Juu ya madhabahu. Akamgusa midomo, na dhambi yake ikaondolewa.

Basi twaona kwamba Mungu ni yule yule, na utakatifu wake ni ule ule. Mmoja ulimwangusha, na mwingine ulimponya. Tofauti haikuwa kwamba Isaya alikuwa msafi. Tofauti ni kwamba mmoja alijiinua na mwingine aliikiri kweli, akakubali kuguswa na moto wa madhabahu.

Mkono uliomgusa mwenye ukoma

Katika siku za nabii Hagai makuhani waliulizwa swali. Mtu akichukua nyama takatifu katika upindo wa vazi lake, na upindo ukagusa mkate, je, mkate utakuwa mtakatifu? Wakajibu, la. Na mtu aliyetiwa unajisi na maiti akiugusa, je, utakuwa najisi? Wakajibu, ndiyo. Uchafu waambukiza, lakini usafi hauambukizi. Hata watoto wetu walijua hivyo: kanzu nyeupe haiusafishi udongo.

Lakini katika Marko 1 mwenye ukoma alimjia Yesu akapiga magoti. Bwana akanyosha mkono, akamgusa. Kwa kadiri ya sheria, unajisi ungalipita kutoka kwa mgonjwa kwenda kwa Yesu. Badala yake usafi ulitoka kwa Yesu ukaenda kwa mgonjwa, na mara ukoma ukamwondoka. Hapo twaona utakatifu wa Mungu jinsi ulivyo. Ni uzima wenye nguvu kuliko mauti. Kisha Bwana akaenda mpaka msalabani, mahali pa laana, akawa sadaka kwa ajili yetu. Madhabahu ya Ebali ilikuwa ikitutazamisha huko. Na alipokufa, pazia la hekalu likapasuka toka juu hata chini.

Tufanye nini basi?

Ndugu yetu, dada yetu, wewe utokaye nje kila mara, hofu yako si mbaya. Isaya naye aliogopa. Lakini yeye hakutoka. Usingoje mpaka utakate ndipo uje, maana hutatakata huko nje. Njoo ukaseme kweli. Ikiwa kuna jambo la kutengeneza na mtu, kalitengeneze. Ikiwa unaishi katika jambo usilotaka kuliacha, mwambie Mungu hilo pia, umwombe nguvu. Mwendee mchungaji wako au mzee wa kanisa wiki hii, usiende peke yako na mzigo huo.

Nawe uketiye mbele, twakusihi usome Mambo ya Walawi 19. Sura ile yaanza kwa agizo la kuwa watakatifu kwa kuwa Mungu ni mtakatifu. Mtu angetazamia kusoma habari za uvumba na nyimbo. Lakini twakuta kuwaheshimu mama na baba, kuwaachia maskini na mgeni pembe za shamba, kutolaza mshahara wa kibarua hata asubuhi, kutomtukana kiziwi, kutoweka kikwazo mbele ya kipofu, na kuwa na mizani na vipimo vya haki. Kumbe gorogoro yako imo katika utakatifu wa Mungu! Inyoshe kitako, au itupe ununue nyingine. Na uliyempunja, mrudishie kama alivyofanya Zakayo. Kipimo kilichobondwa ni njia ya mauti, ijapokuwa chaleta shilingi leo.

Na sisi tunaoketi mbele ya kipaza sauti, tukinena habari za mambo matakatifu juma kwa juma, hatujajitoa. Ni rahisi kushika chetezo mkononi na moyo umeinuka. Tuombeeni.

Njia mbili ziko mbele yetu leo, wala haziko mbali. Ziko dukani, shambani, ofisini, na kwenye meza ya chakula. Yeye aliye mtakatifu yu asihi bado. Na tuombe.

Ee Mungu mtakatifu, twakiri kwamba midomo yetu na mikono yetu si safi. Wengine wetu tumekukimbia, na wengine tumekuzoea. Tuguse kwa ajili ya Yesu Kristo, ututakase, utupe moyo wa kuuchagua uzima leo na kesho, sisi na watoto wetu. Amina.