Tuta la Reli na Kipimo cha Maji

Ukipanda treni ya umeme iliyoanza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, bila shaka macho yako yatavutwa na madaraja na stesheni. Ni wachache mno wanaolitazama tuta. Lakini reli haikulala juu ya chuma wala zege peke yake. Imelala juu ya udongo, na udongo ukididimia sentimita chache tu mahali pamoja, treni iendayo kilomita 160 kwa saa huingia hatarini.

Wazee wetu waliposhindilia sakafu ya nyumba walinyunyiza maji kwanza. Udongo mkavu hausikii kipigo, na uliolowa kupita kiasi huteleza chini ya mchi. Mwaka 1933 mhandisi wa Kimarekani, Ralph Proctor, aliyeshughulika na mabwawa ya udongo huko California, alieleza jambo hilo kwa vipimo: kila udongo una kiasi chake cha maji ambacho kwacho hushikamana kuliko vinginevyo.

Ndiyo maana kifusi cha tuta hakimwagwi chote kwa mara moja. Hutandazwa tabaka baada ya tabaka, kikanyunyizwa maji au kikaachwa kikauke, ndipo mtambo mzito upite juu yake mara nyingi. Kisha fundi wa maabara huchimba shimo dogo, akaupima uzito udongo alioutoa, akalijaza shimo mchanga mkavu ambao uzito wake kwa ujazo anaujua, apate kujua ukubwa wa shimo lenyewe. Tabaka likishindwa mtihani huo, hufumuliwa na kushindiliwa upya. Kazi hii huchosha, tena haipigwi picha na mtu!

Upo udongo usiotibika kwa kushindiliwa pekee. Ule mweusi wa mbugani huvimba wakati wa masika na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Huo huondolewa, au huchanganywa na chokaa. Penye matope mazito huzamishwa mikanda ya kunyonya maji, kisha hurundikwa kifusi juu yake, na watu hungoja miezi kadhaa hadi maji yakamuliwe. Waliojenga reli ya TAZARA, kuanzia mwaka 1970 hadi 1975, walikutana na matope ya namna hiyo.

Mahali panapotutia shaka kuliko pote ni pale tuta linapokutana na daraja. Daraja halididimii, tuta hudidimia. Na mtambo mkubwa hauwezi kusogea hadi ukutani. Hapo hutumika mashine ndogo ya kusukumwa kwa mkono, kwa matabaka membamba, polepole. Mkandarasi mwenye haraka hupajaza kwa siku moja, akafunika kokoto. Siku ya uzinduzi hakuna atakayeona kitu. Atakayeanza kuhisi ni dereva wa treni, masika ya pili au ya tatu, behewa litakaporuka kidogo kila liingiapo darajani.