Jasho Lisilokauka

Shule zikifungwa Desemba, mabasi ya Njombe, Mbeya na Arusha hujaa familia zinazoteremka Pwani. Bibi anakwenda kumwona mwanawe Temeke, watoto wanataka bahari, baba ana siku kumi za likizo na orodha ndefu ya mahali pa kufika: Kunduchi, Bagamoyo, Unguja, harusi Tanga. Kabla ya safari watu huangalia hali ya hewa kwenye simu, wakaona Dar es Salaam nyuzi 32, wakaridhika. Nyuzi 32 hata Dodoma zipo. Siku ya pili mtoto hataki kula, mama kichwa kinamgonga, bibi amejinyoosha sakafuni akitafuta ubaridi wa saruji, na kila mtu ana jibu lake: maji ya huku, chakula cha njiani, uchovu wa safari, malaria.

Mara nyingi jibu limo hewani, na ile namba ya kwenye simu haikulisema.

Mimina maji ya friji kwenye glasi, uiweke mezani. Muda si muda glasi inatoka jasho, matone yanateremka, meza inalowa. Maji yale hayakuvuja kwenye glasi. Yametoka hewani. Kule Njombe maji lazima yawe baridi hasa ndipo glasi ilowe hivyo. Dar es Salaam msimu wa kaskazi, yakipoa hadi nyuzi 24 tu inatosha. Hewa ya Pwani imebeba mvuke mwingi kiasi kwamba inautua kwenye chochote kilichopoa kidogo. Sasa fikiria hewa hiyohiyo iliyoshiba ndiyo inayotakiwa kupokea jasho la mtoto wako.

Jasho halipozi mwili kwa kutoka. Linapoza kwa kukauka. Kila lita moja inayogeuka mvuke juu ya ngozi huondoka na kilojuli 2,400 hivi za joto. Mtu aliyekaa kimya hutengeneza joto la wati 100, kwa hiyo jasho la kikombe kidogo kwa saa, likikauka lote, linamtosha. Akitembea kwa haraka joto hilo huongezeka mara tatu, na hapo anahitaji karibu nusu lita ikauke kila saa. Hewa ikiwa kavu hilo ni jambo jepesi, hata halionekani. Ndiyo maana Dodoma mtu hutokwa na maji mengi bila shati kulowa. Pwani shati linalowa chapachapa, na tone linalodondoka kidevuni limepotea bure: mwili umetoa maji na chumvi, joto limebaki palepale. Nyuzi 32 pamoja na unyevu wa asilimia 70, kwa vipimo vya joto linalosikika mwilini, ni sawa na nyuzi 40 na kitu.

Wanasayansi wana kipimo kinachoshika mambo haya mawili kwa pamoja: kipimajoto kilichofungwa kitambaa kibichi na kupigwa upepo, kinachoonyesha ngozi iliyolowa inaweza kupoa hadi wapi. Mwaka 2010 Steven Sherwood na Matthew Huber walionyesha kwamba kipimo hicho kikifika nyuzi 35, binadamu hawezi kuishi saa nyingi hata akiwa uchi kivulini penye upepo. Mwaka 2022 watafiti wa chuo kikuu cha Penn State, Marekani, waliwapima vijana wenye afya njema na kukuta kwamba katika hewa yenye unyevu miili yao ilianza kushindwa kwenye nyuzi 31 hivi, wakifanya kazi nyepesi tu. Mchana wa kawaida wa Desemba Dar es Salaam huchezea 26 au 27. Kwa hiyo hatuko ukingoni, lakini nafasi iliyobaki ni finyu, na mzee wa miaka 75 anayo finyu zaidi kuliko vijana wale.

Mbona basi wenyeji wanacheza mpira kwenye jua la saa kumi? Jibu la swali hilo lilipatikana kwa gharama ya maisha ya watu. Katika migodi ya dhahabu ya Witwatersrand, Afrika Kusini, miamba ya chini kabisa ilikuwa ya moto, na maji yaliyomwagwa kuzuia vumbi yaliijaza hewa mvuke. Miaka ya 1920 wafanyakazi wageni walianza kuanguka na kufa kwa kiharusi cha joto, wengi wao katika siku zao za mwanzo chini ya ardhi. Miaka ya 1930 daktari Aldo Dreosti aliwaweka wageni kwenye chumba chenye joto na unyevu, wakichota mawe kwa koleo huku joto la miili yao likipimwa, na kazi ikiongezwa kidogo kidogo kabla ya kuteremshwa mgodini. Vifo vilipungua sana. Wazee wa Rungwe na Kyela wanalijua jina la Wenela, shirika lililokuwa likiandikisha vijana wa Nyasaland, Msumbiji na kusini mwa Tanganyika kwenda huko. Wenye migodi walitaka dhahabu, na ujuzi huu waliutafuta kwa ajili hiyo. Ila ujuzi ni wa kweli, na ni haki ya wajukuu wa watu wale kuutumia kwa ajili ya afya zao.

Ujuzi wenyewe ni huu: mwili hujifunza joto, na una ratiba yake. Siku tatu hadi tano za kwanza, maji ya damu huongezeka, moyo ukaacha kwenda mbio kwa kazi ndogo. Wiki ikipita, jasho linaanza mapema kabla joto la ndani halijapanda, linatoka kwa wingi zaidi, na lina chumvi kidogo kuliko mwanzo. Kazi hiyo hukamilika kwa siku 10 hadi 14. Kijana wa Temeke anayecheza mpira juani amepandishwa na msimu taratibu tangu Oktoba. Mgeni wa Makete ameshushwa kutoka kwenye sweta hadi kwenye fukuto kwa siku moja ya basi.

Ndiyo maana naona ratiba nyingi za likizo zimepangwa kinyume. Familia inafika Jumamosi usiku, Jumapili saa tano asubuhi iko Bagamoyo ikizunguka magofu ya Kaole, kwa sababu gari limepatikana siku hiyo. Matembezi marefu yangewekwa mwishoni mwa likizo. Siku nne za kwanza ziwe za ufukweni asubuhi, kulala mchana, kutoka tena saa kumi na moja jioni. Lakini kujifungia kwenye kiyoyozi tangu asubuhi hadi usiku nako hakufai, kwa kuwa mwili haujifunzi joto usilokutana nalo. Saa moja au mbili za kutokwa jasho kila siku, kwa kazi nyepesi, zinatosha kuufundisha. Usiku kiyoyozi ni neema kwa aliyenacho, kwani moyo uliofanya kazi mchana kutwa unahitaji saa za kupumzika.

Bahari yenyewe ni rafiki. Maji huchukua joto la mwili haraka kuliko hewa, karibu mara 25, na hata bahari ya nyuzi 28 inampoza mtoto kweli. Taabu iko kwenye kutoka majini saa sita mchana na kupita mchangani bila kivuli. Watoto wavae fulana majini. Mgongo ulioungua na jua hautoi jasho vizuri.

Nyumba ya kufikia pia ina neno lake. Ingia saa nane mchana kwenye chumba kilichoezekwa bati bila dari, kisha nyanyua kiganja kuelekea juu. Unalisikia joto likikushukia mkononi, ingawa hukugusa kitu. Bati lililochomwa na jua linarusha mnururisho wa joto chini, na feni haiuzuii. Paa la makuti halifanyi hivyo: tabaka za makuti zimefungia hewa katikati, na hewa ya moto inatoka kwa juu. Waliojenga Lamu na Mji Mkongwe kwa kuta nene za mawe ya matumbawe na vichochoro visivyoona jua walilijua jambo hili bila kipimajoto. Mkipewa kuchagua, chagueni chumba chenye dari na madirisha yanayotazamana, hata kama si kizuri cha kupiga picha.

Na feni je? Kwa Pwani yetu, iwasheni bila wasiwasi. Majaribio ya Ollie Jay na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sydney, yaliyotoka mwaka 2019, yalionyesha kwamba katika joto lenye unyevu, hata la nyuzi 40, feni iliwapoza watu. Katika joto kavu la nyuzi 47 iliwaongezea. Hili liwaguse hasa wanaokwenda kuwaona ndugu zao Oman likizo ya Juni. Huko ni dunia nyingine. Tarehe 26 Juni 2018, katika mji wa Qurayyat, joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6 kwa saa 24 nzima, usiku ukiwemo. Hewa kavu iliyo moto sana kupita ngozi ikipulizwa na feni inaupasha mwili. Pale inatakiwa kiyoyozi, au ngozi ilowanishwe kila mara kwa maji.

Kulowanisha ngozi ni dawa ninayoipenda kwa kuwa haina bei. Kanga iliyolowekwa na kukamuliwa, ikatupwa mabegani mbele ya feni, inafanya kazi ya jasho bila kuugharimu mwili maji wala chumvi. Kwa bibi hilo ni jambo kubwa. Umri unapunguza jasho, unapunguza hata kiu: mzee anaweza kukaukiwa na asisikie hamu ya maji. Kama anatumia dawa za presha zile za kupunguza maji mwilini, aulizwe daktari wake kabla ya safari, asiziache mwenyewe.

Kuhusu kunywa, madafu yana sifa inayozidi uwezo wake. Yana potasiamu nyingi, lakini chumvi tunayoitoa kwa jasho ni sodiamu, na hiyo kwenye dafu ni kidogo. Kunyweni, ni matamu na ni maji, ila yaende na chakula chenye chumvi: mihogo ya kuchoma, samaki, supu. Kwa aliyetapika au kuharisha, ORS, ule unga wa kurudisha maji na chumvi mwilini, ndiyo yenyewe, na isipopatikana, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa sawasawa na ukingo, katika lita moja ya maji safi. Kujilazimisha kunywa lita baada ya lita za maji matupu ni hatari pia, kwa sababu chumvi ya damu huzimuliwa mpaka ubongo ukavimba. Mtoto wa chini ya miezi sita hapewi maji hata siku moja. Ananyonyeshwa mara nyingi zaidi, na mama ndiye anayeongezewa maji.

Jambo la gari halina mjadala. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2005 ulipima gari lililofungwa juani: ndani ya saa moja joto lilipanda kwa nyuzi 22 hivi juu ya lile la nje, na sehemu kubwa ya kupanda huko ilikuwa katika nusu saa ya kwanza. Kushusha kioo kidogo hakukusaidia kitu. Mtoto aliyelala kiti cha nyuma amsheni, hata mkienda dukani kununua vocha tu.

Pia kuna yule aliyebaki nyumbani. Agosti 2003 Ufaransa ilipigwa na joto ambalo usiku halikupoa, na karibu watu 15,000 walikufa. Wengi walikuwa wazee wanaoishi peke yao, katika mwezi ambao miji ya Ufaransa huachwa tupu na familia zilizokwenda likizo. Mwaka uliofuata serikali iliweka mpango wa kitaifa, na miji ikaanza kuandikisha wazee wapweke ili wapigiwe simu na kutembelewa. Anayeondoka Mombasa au Tanga kwenda likizo Januari, akimwacha mzazi, ampange mtu wa kupiga hodi kila siku.

Mtu akizidiwa, alama kubwa iko kichwani. Uchovu wa joto ni kizunguzungu, kichefuchefu, kukaza kwa misuli. Kivuli, maji na kupumzika hutosha. Lakini akianza kusema ovyo, kupepesuka, kutetemeka kwa degedege au kuzimia, na mwili unawaka, hicho ni kiharusi cha joto, hata kama bado anatoka jasho. Joto la ndani limevuka nyuzi 40 na kila dakika ina thamani. Joseph Weiner, aliyeanza kazi kijana kwenye utafiti ule wa migodi ya Witwatersrand, karibu na mwisho wa maisha yake alishirikiana na daktari Mustafa Khogali kubuni kitanda cha kuwapoza mahujaji wa Makka: mgonjwa analala juu ya wavu, ananyunyiziwa manyunyu laini ya maji, anapulizwa hewa. Walichapisha kazi yao mwaka 1980. Na katika mbio za Falmouth, Marekani, wakimbiaji waliopatwa na kiharusi cha joto katika miaka 18, visa 274, walitumbukizwa kwenye maji ya barafu papo hapo, na wote walipona.

Kwa hiyo poza kwanza, kisha safirisha. Mvue nguo, mmwagie maji mwili mzima, mpepee kwa kanga au sinia, weka barafu shingoni, kwapani na kwenye kinena. Usimnyweshe kitu kama hana fahamu. Panadol haisaidii hapa, maana hii si homa inayotokana na ugonjwa. Kama mnashuku malaria, atapimwa kituoni. Fahamuni tu kwamba mbu wa jana hawezi kuleta homa ya leo, kwa kuwa vimelea huhitaji wiki moja au zaidi. Mpigieni simu mwenye bajaji huku mmoja anaendelea kumwaga maji, na mkipanda, pandeni na ndoo.