Kifaru cha kale: nauli ya Ruanda inakufikisha wapi?

Kijana wa Ruanda, Mbinga, aliyekua akisikia ngurumo za malori ya makaa ya mawe ya Ngaka, akiuliza pa kuona kifaru cha vita cha zamani, wengi watamtajia makumbusho ya vifaru ya Bovington, Uingereza. Sifa zake ni za kweli. Kipo Little Willie cha 1915, kifaru kikongwe kuliko vyote vilivyosalia, na Tiger 131 kilichotekwa Tunisia mwaka 1943, ambacho injini yake bado inawaka. Lakini kabla ya tiketi ya ndege kuna viza: zaidi ya pauni 100, na ukinyimwa, hela imekwenda. Malipo ya kahawa nisingeyaweka hapo.

Kingine cha nadra kiko upande wetu wa dunia. Whippet, kifaru cha Waingereza cha Vita vya Kwanza, kilikuwa na tani 14, kikibeba wanajeshi watatu kwa mwendo wa kilomita 13 hivi kwa saa. Bodaboda ingekiacha hata mlimani. Viliundwa 200, vimebaki vitano, na kimojawapo kipo Pretoria. Mwaka 1922 serikali ya Afrika Kusini ilikitumia dhidi ya wachimba migodi Wazungu walioasi Johannesburg.

Huko Mtanzania haombi viza, wala kwa kupita Zambia na Zimbabwe. Tena usianzie Dar. Songea hadi Dar ni kilomita 950 hivi. Songea hadi Makambako ni kama 300, na mabasi ya Tunduma yanapita hapo hapo. Umeshaokoa nauli na gesti ya usiku mmoja. Kikwazo ni kwamba Whippet hicho kimo ndani ya chuo cha jeshi, Thaba Tshwane, si pa kukata tiketi ukaingia. Andika barua, subiri jibu, ndipo ufunge begi. Ukikataliwa, makumbusho ya kijeshi ya Saxonwold, Johannesburg, yaliyofunguliwa 1947, yana vifaru vyake na ndege ya Kijerumani Me 262 ya kuwinda usiku.

Asiyeng'ang'ania kifaru ana Fort Jesus, Mombasa, penye mzinga wa Königsberg, manowari iliyoishia Rufiji mwaka 1915. Mwana Afrika Mashariki hulipa kiingilio kidogo kuliko mtalii wa ng'ambo.

Na mwenye nauli ya ndani tu? Apande gari la Mbinga, kisha Mbamba Bay, kisha Liuli. Ndiyo Sphinxhafen ya Wajerumani, ambako tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza Gwendolen iliishambulia ile ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ikiwa inatengenezwa ufukweni. Nahodha Mjerumani, aliyekuwa rafiki na mwenzi wa kunywa wa nahodha Mwingereza, alitoka na mtumbwi akifoka. Hakujua kuwa vita vimeanza. Meli haipo tena. Asome kisa hicho kabla ya kwenda, maana atakachokikuta ni ghuba na jiwe lililoupa mji jina lake la Kijerumani.