Mikono hunyanyua chuma, tumbo ndilo hubeba

Na Mwandishi Wetu

UKITOKA Lodwar kuelekea Kakuma, mwendo wa yapata kilomita 120 katika barabara iendayo Lokichoggio, kuna vitu viwili ambavyo havitoki machoni: vichaka vya mathenge, na akina mama waliojitwika mitungi ya maji. Mwandishi huyu alivitazama kupitia dirisha la matatu na kuvisahau. Kumbe hicho cha pili kilikuwa na jibu la swali ambalo angeulizwa alasiri hiyo hiyo.

Aliyeuliza ni kijana wa miaka ishirini na ushei aishiye katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, ile iliyofunguliwa mwaka wa 1992 kuwapokea vijana waliokuwa wakikimbia vita nchini Sudan. Nyuma ya nyumba yao ya mabati, yeye na wenzake wana jimu yao. Usitarajie vioo na mashine, msomaji. Kuna bomba kuukuu la maji ambalo ncha zake zilitumbukizwa katika makopo ya rangi, ikamiminwa saruji na kuachwa ikauke. Kopo moja lina saruji nyingi kuliko jingine, kwa hivyo chuma huelemea upande mmoja, na kila mnyanyuaji ameshajua ashike wapi.

"Ndugu, hebu tazama tumbo langu," alisema akipandisha fulana. "Limegawanyika kama gamba la kobe. Kila asubuhi napiga siti-api 300. Sasa niambie, mbona mgongo ulinikatika?"

Haukukatika kwa maana ya kuvunjika. Jioni moja aliinua chuma kutoka ardhini, akahisi kitu kimemvuta kiunoni, akapuuza. Kesho yake, alipokuwa akishusha magunia kutoka kwenye lori, kazi anayolipwa kwa siku, aliinama na kushindwa kuinuka. Alilala siku tisa. Siku tisa bila kibarua si mchezo mahali ambapo mgao wa chakula ulipunguzwa mno mwaka wa 2025, na mamake na wadogo zake wawili wanamtegemea yeye.

Tuliporudi Lodwar tulimpelekea swali hilo mwalimu mmoja wa michezo ambaye naye hunyanyua vyuma. Hakujibu. Alituongoza hadi kwenye bomba la maji la mtaani na kutuambia tutazame.

Mama mmoja alichuchumaa, mgongo umenyooka, kata ya kitambaa kichwani. Wenzake wawili wakamtwika mtungi wa lita 20, yaani kilo 20 kamili bila kuhesabu plastiki yenyewe. Akavuta pumzi, akakaza kiuno, akainuka kwa mapaja. Kuanzia mbavuni hadi nyongani hakuna kilichotikisika. Tulipomuuliza siri yake alicheka kidogo tu. "Mwanangu, nikicheka sana maji yatamwagika," akasema, kisha akaongeza kwamba shingo humuuma usiku. Hilo tusilifiche, kwa maana kujitwika mizigo kila siku kuna gharama yake.

Wanasayansi wamewahi kuwastaajabia akina mama wa namna hii. Mwaka wa 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliofanyiwa wanawake wa Kiluo na Kikuyu hapa Kenya. Ilibainika kwamba waliweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzani wao bila miili yao kutumia nguvu zaidi ya zile za kutembea mikono mitupu.

Basi tumbo la yule kijana lilikosa nini? Misuli anayojivunia, ile ambayo vijana wetu wa Nairobi na Mombasa huililia mbele ya kioo, ni upande mmoja tu wa pipa. Pembeni kuna misuli inayozunguka kiuno mithili ya shuka. Nyuma kuna ile inayoandamana na uti wa mgongo. Kifuniko cha juu ni msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, na kitako ni misuli ya sakafu ya nyonga. Katikati ya hayo yote zimepangana pingili tano za kiuno ambazo peke yake ni dhaifu ajabu. Katika maabara, kiuno cha maiti kilichovuliwa misuli hupinda kikibebeshwa uzito wa kama kilo 9 tu.

Uchukue mtungi mtupu uukanyage, utabonyea. Ujaze maji, ufunge kifuniko, kisha ukanyage tena. Hivyo ndivyo tumbo linavyoulinda mgongo: pumzi ikishavutwa na misuli ya pande zote ikakazwa, msukumo wa ndani huwa kama yale maji. Kwa hivyo kazi ya tumbo wakati wa kunyanyua si kujikunja bali kukataa kukunjwa. Na siti-api 300 hufundisha nini? Kujikunja, mara 300. Stuart McGill, aliyesomesha kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Waterloo nchini Canada, alionyesha kwa kutumia pingili za nguruwe kwamba kukunja uti mara nyingi chini ya uzito kunaweza kupasua zile sahani laini zilizo kati ya pingili. Siti-api chache hazimdhuru mtu mzima wa afya. Lakini kuziita ngao ya mgongo ni kujidanganya.

Somo la mwalimu lilikuwa fupi. "Kaza tumbo kama mtu anayekaribia kupigwa ngumi," alisema, na kabla hatujajiandaa akatudunga vidole mbavuni. Kuliingiza tumbo ndani, alivyofanya mwandishi huyu, ni kosa. Unavuta pumzi hadi kiuno kipanuke pande zote, unakaza, unainua, kisha unapumua chuma kikishapita pagumu. Mwenye shinikizo la damu amwone daktari kwanza, maana kubana pumzi hulipandisha.

Mazoezi yenyewe hayahitaji senti. Lililo bora kwa mpiga vyuma ni mtungi mmoja, mkono mmoja: anza na lita 10, tembea hatua 30 bila kuegemea upande wowote, badilisha mkono. Utashangaa jinsi ubavu wa pili unavyofanya kazi. Kisha lala ukijiegemeza kwa viwiko na ncha za vidole vya miguu, mwili umenyooka kama ubao. Halafu kwa kiwiko kimoja, ubavuni. Mwishowe piga magoti kama mtoto anayetambaa, nyosha mkono wa kulia pamoja na mguu wa kushoto, kisha kinyume chake, kiuno kisicheze. Shikilia sekunde 10, pumzika, rudia. Wanaojitesa dakika tano mfululizo wanashindana na saa tu. Fanya haya baada ya vyuma, wala si kabla, kwa sababu ukiyachosha mapema utakwenda kwenye chuma na pipa lenye tundu.

Mkanda je? Mkanda mpana hulipa tumbo kitu cha kusukuma, lakini tumbo lisilojua kusukuma halipati faida yoyote.

Kujipinda nyuma ili kuokoa uzani ni kosa la zamani, tena la mabingwa. Katika Olimpiki palikuwa na mtindo wa kusukuma chuma kutoka mabegani hadi juu ya kichwa bila msaada wa miguu. Wanyanyuaji wakawa wanajipinda mno hata waamuzi wakashindwa kuamua, na migongo ikawa hatarini. Baada ya michezo ya Munich mwaka wa 1972 mtindo huo ukaondolewa.

Kwa wanaokula mara moja kwa siku, mwalimu alikuwa mkali: siku mbili kwa wiki zatosha, mapema kabla jua halijachomoza, kwani joto la Lodwar mara nyingi hupita nyuzi 35. Misuli haijengwi kwa hewa. Na maumivu yakiteremka mguuni kwa ganzi, au uvimbe ukitokea kwenye kinena, ambao huenda ukawa ngiri, wacha vyuma uende hospitali. Anayeshindwa kuuzuia mkojo asingoje hata kesho.

Tulimpelekea kijana maneno hayo. Wiki tatu baadaye alipiga simu. Amerudi kwenye malori, ila magunia sasa hushushwa na watu wawili wawili. Wenzake walimcheka sana, alisema, walipomwona akizunguka na mtungi mmoja kama mtu aliyeibiwa wa pili.

"Lakini juzi," akaongeza, "mmoja wao alikuja kuniazima huo mtungi."